Miezi minane na mtambo wa maji wa kuoshea madirisha ya maghorofa, uliofungwa ndani ya gari: uzoefu wangu, Mombasa

Nimekuwa nikiosha madirisha ya maghorofa hapa Mombasa kwa miaka sita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kazi niliifanya kwa ngazi, ndoo, sabuni na mkono uliochoka. Miezi minane iliyopita nilinunua mtambo kamili unaofungwa nyuma ya gari: tangi la lita 400, pampu ya kiwambo ya volti 12, kidhibiti cha kasi ya pampu chenye kioo kidogo cha tarakimu, betri isiyohusiana na ile ya kuwashia gari, mita 100 za mpira mwembamba kwenye gurudumu la kukunjia, na ufito wa kurefuka wenye brashi inayotema maji. Muuzaji alinifungia kila kitu mwenyewe kwa siku moja. Jina lake sitalitaja, kwani hapa nataka kuueleza mtambo, na sehemu ya makosa nitakayoyasimulia ningeweza kuyaona mapema lau ningalikuwa na subira ya kufungua vifuniko.

Kwa upande wa kioo chenyewe sina lalamiko. Majengo yanayotazama bahari kule Nyali, hasa wakati wa kusi, hupakwa chumvi na upepo hata dirisha lililooshwa Jumatatu likawa na ukungu mweupe ifikapo Ijumaa, na ukiliosha kwa maji ya kisima unapaka chumvi juu ya chumvi. Mtambo huu hautumii sabuni. Maji hupita kwanza kwenye utando wa kuchuja kwa msukumo, ambao huondoa sehemu kubwa mno ya madini, kisha kwenye chupa ya chembechembe za rezini zinazonasa yaliyobaki, na yanayotoka hapo hukauka juu ya kioo bila kuacha doa. Nina kipimo cha mkononi cha madini yaliyoyeyuka, na gari haliondoki nyumbani kikisoma zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Maji ya bomba yanayotoka chemchemi za Mzima hayaniletei taabu kubwa, lakini ya visima vingi vya hapa mjini hula rezini kama mchwa alavyo boriti. Kwa hiyo siku mabomba yakikauka, na hukauka, nanunua ya boza, yaani lori la maji, baada ya kuyapima kwanza, dereva akinung'unika pembeni.

Taabu ilianza mwezi wa tatu, kwenye jengo la ghorofa nne huko Tudor. Asubuhi yote maji yalitoka vizuri. Ilipokaribia saa saba mchana, brashi ikiwa ghorofa ya tatu, maji yakaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Mpwa wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, alisikiliza mlio wa pampu kwa muda kisha akasema, "Mjomba, pampu ina kwikwi." Hakuna fundi aliyeueleza ugonjwa ule vizuri kuliko yeye. Kidhibiti nacho kilikuwa na kauli mbili: mara kilionyesha kwamba betri imeishiwa, mara kikaonyesha alama ya mpira ulioziba, ilhali vali ya ufito ilikuwa wazi kabisa.

Nilimpigia muuzaji simu. Akanijibu, huku akitafuna kitu, kwamba jengo ni refu mno kwa pampu ile. Nilipomwambia ghorofa ni nne tu, akasema basi pampu imekufa, nipeleke shilingi 12,000 nichukue nyingine. Jibu la kwanza halikuniingia akilini. Kuyapandisha maji mita 10 kwenda juu kunahitaji msukumo wa bar 1 hivi, kwa hiyo mita 12 ni kama bar 1.2, na pampu hii imeandikwa ubavuni kwamba hufika psi 100, yaani karibu bar 7. Mpira mrefu na mwembamba hula sehemu ya msukumo huo, ni kweli, lakini mpira ni uleule uliotumika asubuhi. Jibu la pili lilihitaji kupimwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na ningependa kila mwenye mtambo wa aina hii akijue kabla hajatoa hata shilingi moja. Nilizichomoa nyaya za pampu kutoka kwenye kidhibiti, nikaiunganisha pampu moja kwa moja na betri kwa nyaya mbili fupi nene, mmoja ukiwa na fyuzi ya ampea 15. Ilinguruma kwa sauti nzito ambayo sikuwa nimewahi kuisikia tangu niinunue, na brashi ikatema maji mpaka ng'ambo ya ua. Pampu iliyokufa haingurumi hivyo. Ugonjwa, basi, ulikuwa mahali fulani kati ya betri na pampu.

Nikachukua mita ya umeme. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, kiasi kinachofaa kabisa. Nikarudisha nyaya mahali pake, nikawasha pampu, nikapima tena ikiwa kazini, kwa maana kupima umeme usio na mzigo, yaani pampu ikiwa imezimwa, hakukuambii lolote. Kwenye vichwa vya betri nilipata 12.3. Kwenye nyaya za pampu nilipata 10.4. Karibu volti 2 zilikuwa zinapotelea njiani, na kidhibiti, ambacho kimetegwa kuzima pampu umeme ukishuka chini ya 10.5, kilikuwa kinasema kweli kwa kadiri kilivyoona: kwake yeye betri ilikuwa imeishiwa.

Sehemu ya upotevu huo ilitokana na waya wenyewe. Muuzaji alitumia waya wa milimita mraba 1.5 kwa umbali wa mita 4, kwenda na kurudi mita 8, na kwa ampea 7 ambazo pampu huvuta, waya huo peke yake hula zaidi ya nusu volti. Sehemu iliyobaki niliipata nilipofungua kishikio cha fyuzi. Ndani kulikuwa na unga wa kijani, laini kama poda ya mtoto, ulioyazunguka meno mawili ya fyuzi. Nilipoichomoa, jino moja lilibaki ndani. Waya wa hasi nao ulikuwa umefungwa kwa boliti kwenye bodi ya gari juu ya rangi, bila kukwanguliwa, na chini ya pete yake kutu ilikuwa imeanza kuchora duara. Gari linalolala mita 300 kutoka baharini, likibeba tangi la maji ndani na milango imefungwa, ni chumba cha mvuke wa chumvi. Yeyote anayefunga vyombo vya umeme Mombasa anapaswa kulijua hilo bila kuambiwa.

Nilibadilisha nyaya zote kwa milimita mraba 6, nikaweka kishikio cha fyuzi chenye mfuniko wa mpira, nikaupeleka waya wa hasi moja kwa moja mpaka kwenye betri badala ya kuitegemea bodi, na kila kiungo nikakipaka grisi. Kipimo kikapanda hadi 11.9 kwenye pampu, betri ikiwa 12.2. Vifaa vyote nilivipata Mwembe Tayari kwa pesa zisizofika robo ya bei ya pampu mpya. Nikajipongeza.

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, kwikwi ikarudi.

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Nilikuwa nimeshaamini kwamba tatizo ni umeme, kwa sababu kila mara lilikuja mchana, na mchana ndipo betri huwa imechoka. Sikufikiri kwamba kuna kitu kingine ndani ya gari ambacho nacho hupungua kadiri siku inavyosonga, nacho ni maji yenyewe. Makosa mawili tofauti yalikuwa yanatokea saa zilezile, na nilipolitibu la kwanza, la pili likabaki limejificha nyuma ya kivuli chake. Aliyelifumbua ni mpwa wangu, aliyekuwa amejilaza ndani ya gari akilikwepa jua. Alimulika kwa tochi ya simu kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kile kinachotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, akaniita: "Mjomba, njoo uone, kuna mkufu." Mapovu madogo yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, sawasawa na shanga kwenye uzi.

Pampu ilikuwa imefungwa juu ya ubao, karibu nusu ya kimo cha tangi. Tangi likiwa limejaa, maji huisukumia pampu yenyewe. Likishuka chini ya nusu, pampu hulazimika kuvuta, na kama bangili ya kukazia mpira imelegea, huvuta hewa pamoja na maji. Tundu la upande wa kuvuta halidondoshi tone wakati pampu inafanya kazi, bali hunyonya hewa ndani, na ndiyo maana nilikuwa nimepapasa viungo vyote nikaviona vikavu. Nilipokifungua kichujio kidogo kilichotangulia pampu nilikuta pia vipande vya plastiki ya buluu, vimejikunja kama maganda ya penseli, ambavyo ni masalio ya tangi lilipotobolewa siku ya kufungwa. Wala hakuna aliyekumbuka kulisuuza. Nilikisafisha, nikabadilisha bangili mbili, nikaishusha pampu mpaka sakafuni. Kwikwi haijarudi tangu hapo.

Ile alama ya mpira ulioziba iliondoka kwa kukipa kidhibiti mafunzo mapya. Kidhibiti hutambua kwamba vali imefungwa kwa kuangalia jinsi mzigo wa mota unavyoongezeka, na muuzaji alikitega kwa mpira mfupi wa kujaribia dukani. Kilipokutana na mita 100 na ufito uliorefushwa, mzigo wa kawaida kilidhani ni kizuizi. Nilikitega upya mpira wote ukiwa umefunuliwa na brashi ikiwa juu. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Basi pampu naipa nyota tano kamili, kwa kuwa ilisingiziwa kifo ikiwa mzima wa afya. Kidhibiti kina nne, kwa sababu kinasema kweli lakini kwa lugha ya mafumbo, na kitabu chake cha maelezo ni kurasa mbili za maandishi madogo kama sisimizi. Ufungaji naupa moja, na hiyo ni kwa ajili ya tangi, ambalo kwa haki lilifungwa kwa mikanda imara. Lita 400 ni kilo 400, na kwenye mteremko wa kuelekea feri ya Likoni nimeshukuru zaidi ya mara moja kwamba halikusogea.

Kilichobaki ni kiungo cha kuzunguka kwenye gurudumu la mpira, ambacho hudondosha matone kila ninapoukunja. Pete yake ya mpira imekauka kwa joto, na nimeagiza nyingine tatu. Kwa sasa mpwa wangu amekitegea kopo la maziwa chini yake, na jioni humwagilia mche wa mkilifi kwa maji yaliyokingwa humo.