Huduma ya mawakili baada ya hukumu ya kesi ya kodi Marekani: kipi cha kulipia, kipi cha kukataa

Hukumu ikitoka katika kesi ya kodi dhidi ya serikali ya Marekani, wakili huwa bado na kazi tatu za kukuuzia: ombi la kurekebisha hukumu, ombi la kurudishiwa gharama, na rufaa. Zikifungwa pamoja kwa bei moja, kataa. Thamani zake hazilingani hata kidogo.

Ombi la kurekebisha hukumu ndilo dhaifu kuliko yote. Katika mahakama ya wilaya ya shirikisho, Kanuni ya 59 ya mashauri ya madai inatoa siku 28 tangu hukumu iingizwe kwenye rejesta, na jaji hana mamlaka ya kuongeza hata moja. Mahakama ya Kodi inatoa siku 30 tangu uamuzi uingizwe. Kurudia hoja zilizokwisha kataliwa ni kupoteza ada. Faida ya kweli ni moja: likifika ndani ya muda, siku za rufaa (60 kutoka mahakama ya wilaya, 90 kutoka Mahakama ya Kodi) huanza kuhesabiwa baada ya ombi kuamuliwa. Angalia hapa: katika mahakama ya wilaya, ombi la gharama peke yake halisimamishi siku za rufaa, isipokuwa jaji aamuru hivyo. Wakili asiyelijua hilo asikushikie faili.

Sasa gharama. Msingi ni kifungu cha 7430 cha sheria ya kodi. Uwe umeshinda kwenye kiasi kikubwa cha fedha zilizobishaniwa au kwenye hoja kuu, uwe umemaliza kwanza njia za ndani za malalamiko za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, usiwe umerefusha kesi bila sababu, na mali yako ukitoa madeni isizidi dola milioni 2. Kwa kampuni ni milioni 7 na wafanyakazi wasiozidi 500. Hata ukitimiza yote hayo, serikali ikithibitisha kwamba msimamo wake ulikuwa na msingi wa kuridhisha kisheria na kiushahidi, hulipwi hata senti. Hapo ndipo maombi mengi hukwama, na hakuna ufundi wa uandishi utakaoyaokoa.

Kinachookoa huandaliwa mapema: ofa rasmi ya kifungu cha 7430(g). Ni barua fupi kwa serikali inayotaja kiasi cha kodi unachokubali, bila kuhesabu riba, na kusema waziwazi kwamba ni ofa ya kifungu hicho. Iachwe wazi mpaka ikataliwe, kesi ianze kusikilizwa, au zipite siku 90, lolote litakalotangulia. Mlango wake hufungwa siku 30 kabla ya tarehe ya kwanza iliyopangwa kusikiliza kesi. Jaji akiamua unadaiwa sawa na ofa yako au pungufu, utetezi wa "msimamo wetu ulikuwa na msingi" hauna kazi tena. Unafidiwa gharama za kuanzia ofa ya mwisho, na kesi iliyoisha kwa maridhiano haihesabiki. Kwa saa chache za kazi, hii ndiyo huduma yenye thamani kubwa katika orodha nzima. Wakili asiyeitaja mapema ana la kujibu.

Usitarajie kurudishiwa ankara nzima. Kiwango cha saa kina ukomo, dola 250 kwa kazi ya mwaka 2025, isipokuwa jaji akubali kuwepo kwa sababu maalumu kama uhaba wa mawakili wenye ujuzi huo. Saa 100 za wakili anayetoza dola 600 ni dola 60,000. Zinazorudi ni 25,000. Pengo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.

Ankara nazo huua maombi. Mstari unaosema "saa 7.5: utafiti, simu, kuandika" hauonyeshi ni hoja gani iliyofanyiwa kazi, na jaji hukata. Dai kila kazi iwe na tarehe, muda na hoja yake.

Muda wa kuwasilisha ombi la gharama katika mahakama ya wilaya ni siku 14 tangu hukumu, sheria au amri ya jaji isiposema vingine. Hati ya kiapo ya mali iambatane nalo. Katika Mahakama ya Kodi, mkisuluhishana mkasaini uamuzi usiotaja gharama, mmekwisha jifungia mlango.