Alikuja kukagua gesi inayovuja, akatoa kiberiti

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya jiko, si ya duka.

Naanza na kiberiti, maana mengine yote ningeyasamehe. Mtoto wangu wa miezi minane alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni, hatua tatu tu kutoka kwenye mtungi. Mimi naishi Nyalenda, hapa Kisumu, chumba kimoja, pazia ndilo linalotenga malazi na jiko. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga simu dukani kuwaambia kwamba tangu waniletee mtungi mwingine wa kilo 13 nasikia harufu ya gesi. Akaja kijana wao na pikipiki, helmeti ikiwa bado kichwani, akainama kwenye regaleta, kile kifaa cha kufungulia gesi shingoni mwa mtungi, akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti.

"Unataka kufanya nini?"

"Mathe, tulia. Nawasha nione inatokea wapi."

Nilimkamata mkono. Sijui nguvu zile zilitoka wapi. Njiti ilikuwa tayari nje.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatokea dirishani kama moshi wa kuni. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa uvunguni mwa kitanda na kwenye pembe za nyumba. Yaani palepale alipolala mwanangu. Tena yenyewe haina harufu. Ule uvundo huongezwa makusudi ili mwenye pua ashtuke mapema. Mimi nilishtuka, ndiyo sababu nikawaita. Yule anayelipwa kwa kazi ya gesi hakushtuka. Sisi tulioona picha za mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024 hatuhitaji kuelezwa mara ya pili gesi inaweza kufanya nini.

Nikamtoa nje yeye na kiberiti chake. Nikazima regaleta, nikafungua mlango na dirisha, mtoto nikampeleka kwa jirani. Taa sikuigusa, kwa sababu hata cheche ya swichi inatosha. Tulikaa nje muda mrefu hadi ule uvundo ukaisha kabisa. Kisha nikakoroga sabuni ya unga na maji kwenye bakuli, nikafungua gesi kidogo, nikapaka povu kuanzia shingo ya mtungi, nikafuata paipu hadi kwenye jiko. Kwenye paipu, kimya. Shingoni povu likavimba kama uji unaochemka. Nikazima tena, nikang'oa regaleta, nikachungulia: kile kipete cheusi cha mpira ndani ya valvu kilikuwa kimepasuka. Kipete hicho hukaa kwenye mtungi, si kwenye regaleta, kwa hiyo kila unapobadilisha mtungi unapokea na kipete alichokitumia mwingine. Kichungulie kabla mwenye pikipiki hajaondoka! Mimi sikuchungulia, na dukani hakuna aliyeniambia.

Mambo ya povu nilifundishwa na shangazi yangu wa Kakamega, aliyepikia wanafunzi miaka mingi. Si siri ya mafundi.

Nikapiga simu tena. Dada wa kaunta akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, nyinyi mliozoea makaa, mkipewa gesi mnaogopa hata kivuli chake." Nilibaki nimeshika simu. Ndiyo, nimepikia makaa, na nimelea watoto kwa chakula cha makaa. Nilinunua gesi ili huyu wa mwisho asikohoe kama wenzake. Hilo si la kutukaniwa.

Sasa jiko lenyewe, niseme haki. Ni la meza, vichomeo viwili, nililinunua kwao hao hao mwanzoni mwa mwaka. Wiki za kwanza nililichukia. Kichomeo cha kushoto kilitoa moto wa manjano, unayumbayumba, sufuria inarudi nyeusi ti kwa masizi, ugali unachukua karne. Nikadhani nimeuziwa takataka. Mzee mmoja fundi pale Kibuye alilifungua, akapuliza bomba la kichomeo, ukatoka utando wa buibui. Lilikaa stoo muda mrefu, buibui wakajenga, hewa ikakosa njia ya kuchanganyika na gesi. Matundu ya juu yaliyozibwa na uji uliofurika aliyazibua kwa sindano, akakikalisha kifuniko sawasawa, maana kikikaa upande moto nao unakaa upande. Alipowasha, moto ulikuwa wa buluu, umetulia, unavuma taratibu. Nilitaka kumkumbatia.

Tangu hapo omena inakauka vizuri, chai inachemka kabla sijamaliza kuosha vikombe. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, nalaza majini usiku kucha, ikichemka nafunika na kushusha moto. Moto ukilamba kando za sufuria, unapasha ukuta. Kwa jiko peke yake ningetoa nyota nne. Hata nne na nusu.

Lakini nikikumbuka duka, zinashuka zote. Maana dada yule yule wa kaunta ndiye aliyewahi kuniambia mtungi ukikaribia kuisha niulaze ili nikamue iliyobaki. Ulaze? Ukilaza mtungi, gesi ya majimaji inaingia kwenye regaleta na paipu, na moto unaweza kukuruka usoni. Mtungi husimama wima, basi. Ni wangapi hapa Kisumu wameambiwa hivyo na wakatii?

Mtungi walinibadilishia siku mbili baadaye. Akaja kijana yule yule. Hakusema pole. Sikumruhusu aondoke, nikampa bakuli la povu na brashi, nikamwambia, "Mwanangu, kagua wewe." Akapaka shingoni, akapaka paipu yote, tumenyamaza wote wawili. Hakuna kilichovimba. Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sabuni ya kipande nayo inafaa.

Nikamwambia inafaa, mradi itoe povu.

Kwa swali hilo naongeza nyota, ziwe mbili. Dada wa kaunta hajaniomba msamaha hadi leo.