Waya wa milimita 4 kwenye mlingoti wa boti ya tanga: uzoefu wangu Mtera

Boti ni ya futi 14, mlingoti mita 5, iko bwawa la Mtera. Kamba za nailoni zilizokuwa zinashika mlingoti nimezitoa, nikaweka waya wa kusuka uliopakwa zinki, huu wa maduka ya vifaa vya ujenzi Dodoma mjini. Nailoni hurefuka upepo ukikaza, na jua la huku huiotesha manyoya. Waya umetulia. Naupa nyota 4 kati ya 5.

Mita 18 zinatosha nyaya mbili za ubavuni na moja ya omo (mbele ya boti), pamoja na sentimita 25 za kukunja kila ncha. Dai wenye kiini cha chuma. Wa kiini cha katani hunywa maji na huendelea kurefuka. Uliovikwa plastiki unapendeza, lakini maji yakishaingia hayatoki, na kutu hutaiona mpaka ukatike.

Nyota iliyopungua ni ya klampu, vibanio vya kushika ncha za waya zilizokunjwa. Zinauzwa bila maelezo, na wengi huzifunga kinyume. Kitako cha klampu kikalie waya mrefu, unaobeba mzigo. Chuma cha umbo la U kibane ncha fupi. Ukigeuza, U inauuma waya unaobeba, na nyuzi zinaanza kukatika hapohapo. Kila ncha klampu 3, zikiachana sentimita 3, ya kwanza ikaribiane na kitanzi. Jumla 18. Kaza, tembeza boti saa moja, kaza tena: waya ukivutwa hupungua unene, klampu zinabaki zimelegea.

Skrubu za kukazia waya ziwe za macho, yaani ncha zenye tundu lililofungwa. Za ndoano achana nazo. Tanga likijaa, waya wa upande wa pili hulegea na ndoano huchomoka. Ukishakaza, pitisha waya wa kufungia nondo katikati ya skrubu isijifungue.

Kabla hujafungua waya wowote wa ubavuni, funga henza, kamba ya kupandishia tanga, upande huohuo. Mlingoti hausubiri fundi.

Kukagua, pitisha kitambaa cha pamba, si kiganja. Kikinasa, kuna uzi umekatika, mara nyingi pale waya unapoingia klampu: badilisha waya mzima. Grisi usipake, ikishika vumbi la Dodoma inakuwa msasa; kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha.

Hayo ni ya maji yasiyo na chumvi. Boti ikienda Bagamoyo, nunua chuma cha pua.