Niliuliza mshale wa joto, nikaambiwa nimlete mzee

Msinunue gari kwa mtu ambaye ukimwuliza swali anakuuliza mumeo yuko wapi. Ningeishia hapo, lakini donge limenikaa kooni tangu mwezi uliopita na halitaki kushuka.

Gari lenyewe ni la viti saba, la Kijapani, mkono wa pili, lililokuwa limeshatembea barabara za hapa nchini kabla halijanifikia. Jina lake sitalitaja kwa sababu ugomvi wangu si na waliolitengeneza. Ukubwa wa injini na ulaji wa mafuta mtajitafutia wenyewe. Mimi nashona mapazia na mito ya vibarazani hapa Malindi, wateja wangu wengi wako upande wa Casuarina, na kwa miaka mingi nimepeleka majora ya vitambaa kwa tuktuk, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Pesa za gari zimetoka kwenye cherehani na kwenye chama. Hakuna mtu aliyeniongezea hata shilingi. Nalisema hili mapema makusudi.

Yadi iko Mombasa. Nilikwenda na binti yangu, yuko sekondari. Kabla sijauliza bei nililala chini nikatazama tumbo la gari, maana sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula bati: juu linang'aa, chini limekwisha. Hili chini lilikuwa safi. Nikafungua milango, nikakunja viti vya nyuma, nikaketi kwenye usukani, nikaliwasha. Moyo ukakubali, siwezi kukataa. Ndipo nikatazama dashibodi na kuona mshale wa mafuta upo, wa mwendo upo, wa joto la injini haupo.

Marehemu baba yangu aliendesha lori la chumvi kutoka Gongoni hadi Mombasa. Alinifundisha kuendesha kabla sijaolewa, na kitu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa mshale wa joto. Kwa hiyo nikamwuliza yule kijana wa yadi: mshale wa joto uko wapi?

Akatabasamu, akamwangalia mwenzake. "Mama, hayo ni mambo ya fundi. Wewe kanyaga mafuta uende. Kama kuna la ziada, mlete mzee, tutaelewana naye."

Mbele ya binti yangu. Na pesa ni zangu, nimekwenda nazo mwenyewe, na mkataba nitautia sahihi mwenyewe. Nikamwambia mnunuzi ni mimi. Akasema, "Sawa, sawa mama," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, na swali langu likabaki pale pale. Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka, kwa sababu nilikuwa nimeshazunguka yadi nne na hili ndilo gari pekee ambalo chini yake halikuwa na kutu.

Wiki za mwanzo nilimsahau. Hapo lazima niseme haki. Mama yangu ana magoti mabovu, na kwenye gari dogo la shemeji yangu alikuwa anateremshwa kama gunia. Kwenye hili anageuka, anaketi, anavuta miguu mwenyewe, kwisha. Kiti kimelingana na nyonga yake. Kule Casuarina, mahali ambapo mchanga umefunika njia na tuktuk husukumwa, hili lilipita taratibu bila kelele. Jumapili moja tulivuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui, tukakata kwenda Marafa kuwaona jamaa, watu saba na mbuzi wa nyama ameshachinjwa yuko nyuma kwenye karai, na kwenye yale mawe hakuna aliyelalamika mgongo. Ungeniuliza siku hiyo ningekwambia kanunue, hata usifikirie.

Halafu ikaja safari ya macho ya mama. Alikuwa na miadi Mombasa, wakati wa kurudi tukachelewa kutoka, Mtwapa foleni, joto limesimama. Tumepita Kilifi, tumepita Matsangoni, jua linazama, ile hewa ya jioni inaanza kuingia kutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mama akasema kutoka nyuma, "Mwanangu, kuna kitu chanuka kama sufuria iliyokauka." Nikatazama dashibodi, hakuna kitu. Dakika moja haikufika, taa nyekundu ikawaka, na hapo hapo mvuke ukatoka kwenye boneti.

Nilizima injini, gari likajiviringisha lenyewe hadi pembeni karibu na Mida. Mama hakuwa anaona vizuri, walimtia dawa ya kupanua mboni, akawa anauliza kama tunaungua. Kwa kweli mikono ilinitetemeka. Nilikuwa naelekea kwenye kifuniko cha rejeta na kitambaa mkononi, kijana mmoja wa bodaboda akapiga breki na kupaza sauti: "Mama, usifungue! Yatakurukia!" Akanirudisha nyuma kwa heshima, akasema yale maji yamebanwa mle ndani, yana moto kupita ya sufuria, ukilegeza kifuniko yanakupanda usoni. Akaenda kuleta maji kijijini, dumu la lita ishirini, tukasubiri hadi adhana ya isha ndipo akafungua mwenyewe. Aliingiza karibu nusu ya dumu. Fikirieni rejeta ilikuwa kavu kiasi gani. Pesa alikataa, nikamtilia mfukoni kwa nguvu.

Tukafika Malindi kwa kusimama kila baada ya muda, kipoza hewa nimezima na hita nimefungulia mwisho, vioo vyote chini. Hilo la hita alinifundisha baba: linavuta joto kutoka kwenye injini. Mama alilowa jasho kama amenyeshewa.

Asubuhi fundi wangu wa Barani akalifungua. Tangi la plastiki la rejeta lilikuwa limepasuka zamani, likazibwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Maji ya kupozea yenyewe, yale ya dukani yenye dawa, hayakuwamo kabisa. Yaliyokuwamo ni maji matupu, rangi ya chai, na kwenye mirija kumeganda ukoko mweupe. Akaukwangua kwa kucha akaniwekea kiganjani. "Haya ni maji ya kisima, mama. Yenye chumvi. Hili limekunywa maji ya visima vyetu siku nyingi." Kila mwenyeji hapa anajua maji yetu ya kisima yanavyoziba birika. Kumbe ndani ya injini wameyamimina miezi na miezi, wakaziba ufa, wakapiga rangi, wakaniambia nikanyage mafuta niende.

Kisha akatazama kile nilichokuwa nakiogopa zaidi. Akavuta kijiti cha oili: kingetoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwenye oili na gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imekwenda, na hapo tungekuwa tunazungumza pesa za kufungua injini nzima. Kilitoka kisafi. Alisema kilichoniokoa ni kuzima mara moja, kwa sababu hedi ya aluminiamu ikizidi moto hujipinda na hairudi.

Na mshale? Akanionyesha kwa dakika mbili. Magari mengi ya siku hizi hayana mshale wa joto. Kuna taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi, inazimika ikipata moto wake wa kawaida, na nyekundu inakuja mambo yakiwa yameshaharibika. Katikati hakuna habari yoyote. Na taa inasoma joto la maji, kwa hiyo maji yakiisha mle ndani hata hiyo nyekundu inaweza kuchelewa. Dakika mbili! Hilo ndilo jibu ambalo yule kijana alishindwa kunipa kwa sababu sikuja na mwanamume.

Nilimpigia simu. Nikaeleza rejeta, gundi, ukoko. Unajua alichoniuliza? "Ni nani aliyekuwa anaendesha?" Nikamwambia ni mimi. Kimya kidogo, kisha, "Basi mwambie mzee anipigie." Nikakata, la sivyo ningesema maneno ambayo mama yangu hajawahi kuyasikia kinywani mwangu.

Rejeta mpya, maji ya kupozea yenyewe yaliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, kifuniko kipya na kazi ya fundi: Sh 21,500. Fundi akaniuzia pia kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinapeleka joto la injini kwenye simu. Nimekipenda kuliko redio. Gari likiwa na afya, joto linacheza kwenye nyuzi themanini na kitu hadi tisini na kitu, nimeshalijua kama ninavyojua cherehani yangu ikilia.

Sasa nikiulizwa kuhusu gari, sijui niseme nini bila kugombana na nafsi yangu. Ni gari zuri. Nililia gereji nikidhani limekufa, na mtu halilii gari baya. Lakini kila nikiliwasha namsikia yule kijana, na kuna siku nimetaka kuliuza ili nisimsikie tena. Halafu mama anapanda mwenyewe, anavuta miguu yake, na mimi naghairi.

Wiki hii tulimrudisha Mombasa kwa miadi ya pili. Binti yangu aliketi mbele na simu mkononi. Tulipofika pale pale Mida, kabla sijauliza, akasema, "Tisini na moja, mama." Wakati wa kurudi tulipita mbele ya yadi, gari jingine la viti saba limeegeshwa pale pale lilipokuwa letu, rejeta yake sijui imezibwa kwa kitu gani. Ile 21,500 bado naidai.