Sensa ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini: ya baa 1 au baa 2 kwenye gari la supachaja?

Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya kawaida ina presha ya kilopaskali 88 hivi. Sensa ya baa 1 (kipimo cha presha, kilopaskali 100, si zile baa za Kirumba) inaishia karibu 105. Supachaja (pampu inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) ikiongeza 60, unafika 148: sensa imegota, kompyuta ya injini haioni hewa ya ziada, petroli haitoshi, injini inagonga (mafuta yanajilipukia ovyo ndani) hadi pistoni zinatoboka.

Ya baa 2 inasoma hadi kama 200. Mimi ningefunga hiyo. Ila volti inazotuma kwa kompyuta ni zilezile hadi 5, sasa kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo kompyuta ipangwe upya. Ukichomeka tu, itadhani presha ni ndogo na kuinyima injini mafuta. Gari lisilo na supachaja? Baa 1 inatosha.