Miaka Mitatu na Mashine ya Kukatia Nyasi ya Kusukuma kwa Mkono: Uzoefu Wangu

Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha dukani. Nilianzia ukutani nikaisukuma hadi chini ya mti, nikageuka kutazama nilikopita. Nyasi zilikuwa zimelala tu, chache zimekatika, nyingine zinainuka taratibu kana kwamba hakuna kilichopita juu yake. Jasho lilinitiririka na kazi haikuonekana. Leo ni mwaka wa tatu, mashine ni ile ile, na ile ya petroli niliyoitegemea zamani nimeshaitoa. Katikati ya hapo nimejifunza mambo mawili ambayo aliyeniuzia hakunieleza, wala karatasi ya maelezo iliyokuja nayo haikuyataja, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwa asiyeifahamu: ina magurudumu mawili, na katikati yake kuna silinda yenye visu vitano vilivyojipinda kama msokoto wa kamba. Ukiisukuma, magurudumu huzungusha gia na gia huzungusha silinda kwa kasi kuliko magurudumu yenyewe. Kila kisu hupita kikigusa kwa mbali kisu kingine cha chini, kilichofungwa, kisichosogea. Jani la nyasi hubanwa kati ya viwili hivyo likakatwa kama kwa mkasi. Haina injini, haina waya, haina betri. Yangu ina upana wa sentimita 40 na naibeba kwa mkono mmoja.

Jambo la kwanza ni urefu wa nyasi. Nilikuja kulielewa niliposoma mashine hii ilikotoka. Mwingereza aitwaye Edwin Beard Budding, wa Stroud, aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1830, na wazo alilitoa kiwandani, kwenye mashine iliyokuwa ikipunguza vinyweleo juu ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Hapo nikaona kosa langu. Kitu kilichozaliwa kwa kazi ya kulainisha kitambaa, mimi nilikuwa nakipeleka kufyeka kichaka! Nyasi zangu zilikuwa zimefika katikati ya muundi. Zikiwa ndefu hivyo, silinda huzisukuma mbele zikalala kabla visu havijazifikia.

Nikaazima fyekeo, nikazishusha zote kwa mkono, nikaziacha siku chache zipumue, ndipo nikarudi na mashine. Ilikwenda kama inateleza. Tangu siku hiyo mvua zikinyesha nakata kila wiki, wakati mwingine mara mbili; kiangazi hata wiki tatu zinapita. Kipimo changu ni kutoondoa zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja. Nikitaka zibaki sentimita 5, sisubiri zipite 7 na nusu. Jani ndilo linalopika chakula cha mmea. Ukilikata karibu lote, mizizi inadhoofika, udongo unabaki wazi kwa jua, na magugu yanapata pa kuanzia.

Jambo la pili ni kile kisu cha chini, na hapa ndipo wengi huikatia tamaa mashine yao. Yangu ililetwa kikiwa kimelegea. Nilidhani visu ni butu, nikampelekea fundi mmoja mzee anoe. Hakunoa kitu. Alichukua kipande cha gazeti, akakiingiza kati ya visu, akazungusha silinda. Gazeti likakunjika bila kukatika. Akashika spana, akakaza bolti ya kushoto kidogo, kisha ya kulia, akajaribu tena. Mara ya nne gazeti likakatika kwa unyoofu, kutoka mwanzo wa kisu hadi mwisho. "Mwanangu," akaniambia, "usiibane mpaka ikalia. Isikilize." Nimeishika kauli hiyo. Ikiwa sawa hutoa mnong'ono mwepesi, kama mkasi wa kinyozi. Ikibanwa kupita kiasi chuma kinasaga chuma na mikono inakuuma kwa kusukuma. Ikilegea inatafuna majani badala ya kuyakata. Sasa kila baada ya kukata mara nne au tano najaribu kwa karatasi, na haichukui dakika kumi. Tafadhali usiizungushe silinda kwa vidole. Ukisogeza kisu kimoja vyote vinasogea pamoja, na kidole hakitofautishwi na jani. Mimi natumia kipande cha mti.

Kunoa kwenyewe nafanya mara moja kwa mwaka: napaka visu dawa ya kusagia inayofanana na uji wa mchanga laini, nazungusha silinda kinyumenyume, kisha nafuta yote.

Sasa niseme kilichonifanya niache petroli. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni, na injini ndogo za bustani nyingi hazina kifaa cha kusafisha moshi kama kilichomo kwenye gari. Ongeza yale matone yanayomwagika kila ukijaza tangi, juu ya udongo ule ule unaotaka uote kitu. Lakini kwangu sababu ilikuwa karibu zaidi. Mama ana kifua kibovu. Kila nilipowasha ile mashine alifunga madirisha na kukaa ndani mpaka nimalize. Siku ya kwanza ya kukata kwa hii mpya alitoka na mkeka wake, akakaa chini ya mti, tukaongea muda wote huku nakata. Sikuwa na haja ya kupaza sauti. Sijui niwaelezeje furaha niliyokuwa nayo siku ile.

Na nyasi zenyewe zimebadilika. Kisu cha injini, hasa kikiwa butu, huzipiga zikachanika, na siku mbili baadaye ncha zake zinakuwa kahawia. Hizi zinakatika safi na rangi inabaki. Vipande vinavyoanguka siviokoti tena. Kwa kuwa ni vifupi, vinazama kati ya mashina, vinaoza upesi na kurudisha naitrojeni ardhini. Mbolea ya dukani nimeipunguza kwa nusu na sioni tofauti.

Ina upungufu wake. Kijiti kinene kama penseli kinaisimamisha ghafla, mpini ukakugonga tumboni, kwa hiyo lazima upite kwanza ukiokota vijiti na mawe. Mashuke ya mbegu yaliyosimama wima huyaruka. Hayo nayapitia na mkasi. Ukingoni mwa ukuta inaacha mstari wa nyasi zisizokatwa, maana gurudumu liko nje ya visu. Nyasi zikiwa na umande magurudumu yanateleza na silinda haizunguki. Kwenye vichuguu inakwangua mpaka udongo. Eneo langu linanichukua kama dakika arobaini. Mwenye uwanja mkubwa kama wa mpira, au asiye na uhakika wa kuwepo nyumbani kila wiki, simshauri ainunue.

Ukienda kununua, angalia inaweza kuinuliwa hadi wapi. Nyingine zinaishia chini mno, na nyasi za majani mapana zinateseka. Visu vitano vinatosha kwa nyumba ya kawaida. Saba na zaidi ni vya wale wanaotaka nyasi fupi kama zulia, na ni vizito kusukuma. Uliza pia kama kisu cha chini kinaweza kurekebishwa. Jibu likiwa hapana, iache hapo hapo.

Ukiifungua magurudumu kupaka grisi, ndani utakuta vyuma viwili vidogo, kimoja kila upande. Ndivyo vinavyoshika gia ukienda mbele na kuiachia ukirudi nyuma. Nilivirudisha kinyume mara ya kwanza, nikasukuma uani kote magurudumu yanakwenda na silinda imetulia tuli, nikadhani nimeiua. Kabla hujavitoa, vipige picha.