Niliwaomba udongo unaochoka, wakaniambia ninunue jembe

Nyota moja. Nimeibonyeza nikiwa na hasira na mpaka naandika hapa bado zinachemka, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Mambo ya grafiksi, ukubwa wa faili, simu gani inafungua na ipi inakwamakwama, hayo yote yapo kwenye ukurasa wa kupakulia, nenda kasome. Mimi nataka kuongelea shamba. Shamba tu, na sentensi moja niliyojibiwa na mtu wa huduma kwa wateja wa hili gemu, sentensi fupi kabisa ila imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hili gemu nimelicheza miaka sasa, sikumbuki nilianza lini ila simu niliyoanzia ilishakufa zamani. Ni yale magemu ya sandboksi, dunia yote imetengenezwa kwa bloku, vipande kama matofali, unachimba, unajenga, unafuga, hakuna anayekwambia umeshinda wala umeshindwa. Wenzangu kwenye seva wanajenga minara na madaraja, mimi ukinitafuta utanikuta shambani. Nalipenda jamani. Kuna ile dakika jua linachomoza, ukungu bado uko chini chini, ngano imefika hatua ya mwisho imekuwa dhahabu na upepo unaipitia mstari kwa mstari, unaacha kila kitu unasimama unaangalia. Nimewahi kulala saa tisa usiku kwa ajili ya hiyo dakika. Aliyeichora ile ngano aliipenda, hilo nawapa na sitawanyang'anya hata leo nikiwa nimekasirika hivi.

Shida ni udongo. Udongo wa hili gemu hauchoki. Unatifua mara moja, unachimba kamfereji ka maji pembeni, unapanda, unavuna, unapanda palepale, unavuna tena, hivyo hivyo mpaka kiama. Zao lilelile, tuta lilelile, mavuno yaleyale. Maana yake kilimo kinaisha siku ya kwanza. Ukishamaliza kuchonga shamba lako hakuna kitu tena cha kufikiria, kilichobaki ni kubonyeza.

Mimi mwenyewe nilishazoea, nilikuwa sioni. Aliyenifungua macho ni mtoto wa dada yangu, alikuja kukaa kwangu likizo, nikamkaribisha shambani. Siku ya kwanza alifurahi hadi akasahau kula. Siku ya pili tukavuna mara sita au saba. Siku ya tatu akafungua kasha la kwanza stoo, limejaa ngano, akafungua la pili, limejaa, la tatu, la nne, akageuka akaniangalia, "Mjomba, hii ngano yote tunaipeleka wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Akakaa kidogo akaniuliza tena, "Na shamba lenyewe halipumziki?" Bibi yake ni mkulima, ameshamwona akiacha kipande kikae msimu mzima bila kupandwa kitu, kwa hiyo kwake lile swali lilikuwa la kawaida kabisa. Halafu akaweka simu chini akaenda kucheza nje. Mtoto wa miaka tisa! Ameona kwa siku tatu kitu ambacho waliotengeneza gemu hawajakiona miaka yote hiyo.

Usiku uleule nikakaa nikaandika pendekezo kupitia kile kitufe cha maoni ndani ya gemu. Sikuandika kwa kukurupuka, niliandika nikafuta, nikaandika tena. Nilichoomba ni kitu kimoja, udongo uwe na kumbukumbu. Basi. Kila bloku ya shamba ikumbuke ilipandwa nini mara ya mwisho na mara ngapi mfululizo. Ukipanda ngano juu ya ngano juu ya ngano, udongo uanze kupauka, ule weusi wake uwe kahawia, kahawia iwe kijivu, mwisho upasuke nyufa. Mavuno yasife ghafla, hapana, yapungue tu, badala ya masuke matatu unapata mawili, baadaye moja. Na wala sikutaka namba kwenye skrini wala ule mstari wa kujaa na kupungua, mkulima anausoma udongo kwa jicho, basi na mchezaji naye ausome kwa jicho.

Halafu kuwe na njia za kuurudisha. Samadi ya mifugo ambayo tayari tunaifuga, maana hao ng'ombe wamesimama tu zizini kama mapambo. Mboji ya majani uliyoyarundika yakaoza. Kuliacha konde lipumzike. Na ile ninayoipenda kuliko zote, kunde, maharage, karanga, kwamba ukipanda jamii hiyo kwenye udongo uliopauka, ukija kuvuna unakuta weusi umeanza kurudi. Hicho sikukitunga mimi. Ng'oa mche wa maharage taratibu usikate mizizi, kung'uta udongo, utaona vinundu vidogo vidogo vimeng'ang'ania mzizi kama shanga. Kipasue kimoja kwa ukucha, kama kinafanya kazi ndani yake ni chekundu chekundu, karibu na rangi ya waridi. Mle ndani wanaishi bakteria wanaoitwa Rhizobium, wanachukua naitrojeni ya hewani wanaigeuza iwe chakula cha mmea, na mabaki yake yakirudi ardhini zao linalofuata linafaidi. Sasa niambieni, kwenye gemu ambalo watu wanatafuta madini ya kufikirika chini ya ardhi, kuna hazina gani nzuri kuliko hiyo ambayo ni ya kweli? Hebu fikiria mtoto anang'oa kunde kwenye gemu anaviona vile vinundu, kesho yake anaenda kung'oa za kweli kuhakikisha.

Niliwawekea hadi mifano. George Washington Carver, yule mwanasayansi aliyeanza kufundisha chuo cha Tuskegee kule Alabama mwaka 1896, aliwakuta wakulima ardhi yao imekwisha kwa kupanda pamba mwaka hadi mwaka, akawahimiza wapishanishe na kunde, karanga na viazi vitamu. Waingereza karne ya 18 kule Norfolk walikuwa wakizungusha ngano, tanipu (zao la mizizi), shayiri na klova (majani ya mifugo ya jamii ya kunde), konde moja mazao manne kwa kupokezana. Yaani huu ni mchezo uliokuwepo kabla ya kompyuta, una zamu, una hesabu, una kusubiri, wenye gemu walikuwa na kazi ya kuuchukua tu wauweke ndani.

Na kama hofu yao ni kwamba wajenzi watasumbuka, hilo pia nililiwaza. Niliandika kwamba iwe ni kitu cha kuwasha au kuzima wakati unaanzisha dunia mpya. Anayetaka udongo wa zamani abaki nao, asiguswe.

Jibu lilikuja haraka, nadhani hata saa moja haikupita, nikafurahi, nikajua wamelipenda. Nafungua nakuta, na hapa nanukuu kwa sababu nimeisoma mara nyingi mpaka imekaa kichwani: "Asante kwa maoni. Hili ni gemu la burudani. Ukitaka kazi ya shamba, nunua jembe. Tiketi imefungwa."

Nunua jembe.

Hivi huyu mtu anajua anaongea na nani? Mimi nikimwambia mteja wangu maneno hayo kesho sina kazi. Angeniambia "hatuna watu wa kutosha", ningeelewa. Angeniambia "tumelisikia, tutaona", hata kama ni uongo, ningelala salama. Hata angekaa kimya ningesema wako bize. Ila amechukua muda wake akaandika kwa vidole vyake kwamba kulima ni kitu cha kumtupia mtu kama tusi, kama vile jembe ni adhabu. Kuna watu tumelelewa na hilo jembe. Na bila aibu akafunga tiketi, yaani lile ombi langu kwenye mfumo wao, ili nisiweze hata kujibu, nimebonyeza pale mara ngapi sijui, kitufe kimekuwa kijivu.

Halafu hiyo hoja yake ya burudani naikataa kabisa, maana haina miguu. Gemu la Stardew Valley ni nini kama si shamba? Ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka mwaka 2016, na nakala zilizouzwa zimeshapita milioni 30. Mle ndani kila msimu una siku 28, ukipanda zao la majira ya joto ukachelewa kuvuna, msimu ukigeuka linakauka na watu wanalipenda hivyo hivyo. Harvest Moon, nayo ya shamba, ilitoka Japani mwaka 1996. Farming Simulator iko sokoni tangu 2008, na humo watu wanaendesha trekta kwenda na kurudi jioni nzima kwa raha zao. Vintage Story, ambayo nayo ni ya bloku hivi hivi, udongo wake una naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kila zao linakula cha kwake, ukirudia zao moja unaona linavyodorora. Kwa hiyo nilichoomba kinawezekana na kimeshafanywa, watu wanacheza.

Hata Minecraft, ambayo udongo wake nao hauchoki, kuna kitu kizuri mle ambacho wengi hawakijui. Ukijaza shamba zima zao moja linakua polepole kuliko ukipanda mistari ya mazao mawili kwa kupishana. Hakuna anayekwambia, unagundua mwenyewe au unaambiwa na mwenzio, na ukishajua huachi tena. Na bloku yake ya shamba tayari inabeba namba ya unyevu kuanzia 0 hadi 7. Sasa kama bloku inaweza kukumbuka maji, inashindwaje kukumbuka kunde? Mimi si mtu wa kuandika programu, sitajifanya najua ugumu wote, labda kuna sababu kule ndani nisiyoiona. Basi waniambie hiyo sababu! Nitaisoma mpaka mwisho.

Baada ya hapo kikapita kipindi kidogo ikaja apdeti, nikaona tangazo limeandikwa kilimo kipya, moyo ukaruka, nikasema kumbe walinisikia wameona haya tu kusema. Nikapakua bando likaisha nikaongeza. Nafungua nakuta kofia. Kofia za mkulima, za rangi kumi na kitu, na boga la zambarau ambalo linakua sawasawa na boga la chungwa, sekunde kwa sekunde, nimelipima. Hapo ndipo nilipoibonyeza ile nyota moja.

Sasa ngoja niseme na hili, kwa sababu naandika nikiwa nimefungua gemu hapa pembeni na nisipolisema nitakuwa sijatenda haki. Mtoto wa dada yangu alirudi wikiendi moja, nikamweleza yaliyotokea, akanisikiliza halafu akasema, "Sasa mjomba si tufanye wenyewe?" Tukaligawa shamba vipande vinne. Kipande cha kwanza ngano, cha pili maharage, cha tatu maboga, cha nne hatupandi kitu, na tukishavuna tunazungusha. Gemu halijui. Udongo wa gemu haujapauka wala haujarudisha weusi, ungekubali ngano kila mahali kama kawaida. Ila sisi tunajua. Akachukua kibao akakisimika kwenye kile cha nne akaandika kwa herufi kubwa, HAPA PANAPUMZIKA, na siku nilipopita juu yake kwa haraka nikielekea stoo akanipigia kelele, "Mjomba usikanyage, pamelala!"

Siku hiyo tulicheza mpaka chaji ikaisha. Na yale makasha ya ngano yalipungua, kwa mara ya kwanza tulihesabu kilichomo kabla ya kutumia. Kwa hiyo gemu lenyewe siwezi kulisema vibaya, nikiwa mkweli gemu ni la nyota nne, siku nyingine tano, ukiwa na mtu wa kucheza naye na mkajiwekea sheria zenu wenyewe ni zuri kuliko mengi niliyowahi kushika. Nilienda nikabadilisha, nikaweka tatu.

Halafu nikawaza, mbona sasa mtoto wa miaka tisa na kibao chake ndiye anafanya kazi ya watu wanaolipwa? Mbona nimsifu mwenye gemu kwa kitu ambacho gemu halijui hata kama kipo? Na ile sentensi ikarudi tena, ile ya jembe, nikaona hapana. Nikarudisha moja.

Wanaouliza kama wapakue, pakueni, hasa kama mnapenda kujenga, hamtajuta. Wakulima wenzangu nanyi pakueni ila mjue mnaenda kukuta nini, mtapenda wiki ya kwanza kisha mtaanza kutafuta kitu ambacho hakipo. Na wewe uliyenijibu, kama unapita hapa, namba ya ile tiketi ninayo, nimeiandika kwenye kibao cha pili pale kwenye kipande cha nne, chini ya kile cha mtoto. Siku mkiifungua tena, hata kabla hamjafanya chochote, mkiifungua tu na mtu akaisoma mpaka mwisho, nyota nabadilisha siku hiyo hiyo.